Siku nane nikitafuta kontena la ngisi

Jumatatu, 25 Novemba 2024. Mtwara mjini – Msimbati

Simu iliingia Jumamosi usiku, mkono bado uko kwenye sahani. Mnunuzi wa Dar es Salaam, ambaye nilimpimia pweza miaka sita kabla hajafunga kituo chake cha huku, hakupoteza muda kwenye salamu. Anataka ngisi. Si wa ndoo wala wa matenga: anataka kontena la baridi la futi 20, kila mwezi, na wateja wake wako Hispania na Italia. "Kaka, kusini unakujua wewe. Zunguka, halafu uniambie lipo au halipo." Nauli na posho akaahidi kutuma. Akatuma nusu.

Kontena la namna hiyo humeza karibu tani 20. Katika miaka yangu yote ya ukarani wa mizani sikuwahi kuandika tani moja ya ngisi kwa siku moja, pwani yoyote ile. Ningeweza kumjibu palepale. Lakini nusu ya nauli nayo ni nauli, na nilitaka kujua huko duniani kumetokea nini hata watu wa Hispania waulizie ngisi wa Msimbati.

Nikatoka asubuhi na mzani wangu wa kuning'iniza, daftari, na boksi la barafu la kukopa. Pikipiki ikapita Madimba, kwenye kiwanda cha gesi, kisha tukaanza kusukumana na mchanga. Msimbati maji yalikuwa mafu, hayatoki mbali hata mwamba ukaonekana. Wachokoa pweza walikuwa nyumbani, na vyombo tisa tu vilikuwa vimerudi. Hapa ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, kwa hiyo mgeni mwenye mzani huangaliwa mara mbili. Nikajieleza, nikasalimia wazee, nikaruhusiwa kupima.

Kilo 38. Na humo karibu nusu ni dome. Watu wengi wa bara huwaita wote ngisi, na wanunuzi wengine hufumba macho. Lakini ukimpasua dome unakuta gamba jeupe la chokaa mgongoni, lile ambalo wenye kufuga kasuku hulitundika kwenye tundu. Ngisi mwenyewe ana kitu kama kalamu ya plastiki, chembamba, unaona upande wa pili. Mnunuzi wangu kataka wa kalamu.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akaniuliza kwa nini Wajapani wasiuze wao, si ndio walaji wakubwa? Nikamwambia nilichokisoma usiku: mwaka 1968 Japani ilitoa baharini tani 668,000 za ngisi wao wa kawaida. Mwaka jana, kama tani 20,000. Mzee akasimamisha sindano. "Ishirini?" Ishirini. Maji ya kule wanakotagia yamebadilika joto, na uvuvi nao haukupumzika. Kuna mji unaitwa Hakodate ambao wamechora ngisi hadi kwenye vifuniko vya mitaro, wana tamasha lake na ngoma yake, na viwanda vyake leo vinategemea ngisi wa kuagiza nje.

"Ukiona samaki anachorwa ukutani," mzee akasema akirudi kwenye wavu, "ujue kwenye sufuria hayupo."

Jumanne, 26 Novemba. Feri ya Mtwara na Msanga Mkuu

Asubuhi Feri, mchana nikavuka kwenda Msanga Mkuu, jioni nikarudi. Kilo 49 kwa jumla, na nyingi zimeshapata wenyewe: wakaanga samaki wa mjini na mahoteli mawili. Dada mmoja wa kukaanga alinikazia macho nilipotoa mzani. "Wewe ndiye unayekuja kupandisha bei?" Nikamwambia sijanunua hata mmoja. "Hivyo hivyo ndivyo walivyoanza wa pweza," akasema, akaendelea kukatakata.

Ana haki. Pweza alikuwa kitoweo cha masikini pwani hii mpaka viwanda vya kugandisha vilipokuja. Leo mama anayemchokoa mwambani anamuuza na kununua dagaa.

Vijana wa vyombo vya mshipi ndio walionikalisha zaidi. Wanavua kwa yule kamba wa plastiki mwenye taji la miba mkiani, unamrusha, unamwacha azame, unamvuta kwa mikupuo. Wakataka kujua wenzao wa nje wanatumia nini. Nikawaonyesha picha za Paita, kaskazini ya Peru. Kule serikali ilimtenga ngisi mkubwa, wanamwita pota, kwa ajili ya wavuvi wadogo. Meli kubwa haziruhusiwi kumvua ndani ya maji yao. Vyombo ni vya mbao, mshipi ni wa mkono, tofauti ni mzigo: pota anaweza kufika kilo 50. Kijana mmoja akacheka, akasema huyo humvui, mnavuana.

Sasa Peru hiyo hiyo, ambayo huuza dunia nzima, mwaka huu wavuvi wake wamerudi na maji matupu. Maji yalipata joto la El Niño, ngisi wakahama au wakakomaa wakiwa wadogo. Nahodha wa Paita huenda siku kadhaa baharini kwa mafuta ya mkopo. Akikosa, deni linamsubiri ufukweni. Hapo vijana hawakucheka. Mmoja wao mashine yake yenyewe ni ya mkopo.

Jumatano, 27 Novemba. Mikindani, mchana na usiku

Siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Ufuko wa Mikindani ulikuwa mtupu kama siku ya Idi, watu wote wako vituoni wakipanga foleni. Nikajilaza kwenye kivuli cha jengo la kale mpaka alasiri, nikapata wali na ngisi wa nazi kwa mama mmoja aliyekwishapiga kura yake asubuhi na mapema. Namwandika kwa sababu amemjua ngisi: dakika mbili, tatu, akamtoa, tui likaendelea peke yake, akamrudisha mwishoni. Ukimzidisha hapo anakuwa kandambili.

Jioni mjomba wa rafiki yangu, nahodha wa ringneti, ule wavu wa kuzungushia samaki, akanikubalia nipande. Sharti lake: nisitapike upande wa taa.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, umande wa bara umeanza kutusukuma. Kuna chombo kikubwa cha wavu na mtumbwi mdogo wa taa. Zamani zilikuwa karabai, zikinguruma na kunuka mafuta ya taa usiku kucha. Sasa ni taa za betri, kimya, na maji chini yake yanakuwa ya kijani kama chupa. Lengo ni dagaa. Ngisi anakuja kama mgeni asiyealikwa kwenye karamu: hakai kwenye mwanga. Anakaa pembeni, pale mwanga unapokutana na giza, anachomoka, anakamata dagaa, anarudi kinyumenyume. Ukimulika vizuri unaona macho yake tu.

Nilimwambia mjomba kwamba meli za ngisi zinafanya kazi kwa akili hiyohiyo. Zinawasha taa zaidi ya mia, kila moja ya kilowati mbili hivi, zikiwa zimepangwa juu ya sitaha. Ngisi anakimbilia kivuli cha meli, na huko chini ya kivuli ndiko mashine zinakoshusha na kupandisha nyuzi zenye miba, mamia ya nyuzi, hakuna mkono wa mtu. Kule mbali na pwani ya Argentina, nje kidogo ya mpaka wa maili 200, kunakusanyika mamia ya meli hizo, nyingi za China, na mwanga wao unaonekana kutoka angani kama mji uliojengwa baharini. Na si jambo jipya. Karne ya kumi na tisa wavuvi wa Kichina walioishi Monterey, California, walikuwa wakivua ngisi usiku kwa moto wa kuni kwenye kikapu cha chuma kilichofungwa omoni.

"Na kwetu huku? Hawaji?" akauliza.

Swali hilo nilikuwa nimelitarajia. Wamekwisha kuja bahari hii hii, ila kaskazini zaidi. Nje ya maji ya Oman na Yemen, meli za ngisi zilikuwa kama 30 mwaka 2015. Kufika 2019 zimehesabiwa 279. Jodari wa Bahari ya Hindi ana tume yake inayogawa nani avue kiasi gani. Ngisi wa kule hana. Anavuliwa na mwenye mafuta ya kutosha kufika.

Mjomba alinyamaza. Sijui kama alikuwa anafikiria meli au anaangalia maji, kwa sababu mara akapaza sauti, wavu ukamwagwa, na kwa nusu saa hakuna aliyezungumza neno ambalo naweza kuliandika hapa.

Saa tisa na kitu mwezi mwembamba ukachomoza, wa kukaribia mwandamo. Tukahesabu: dagaa ndoo nyingi, vibua, na ngisi kilo 6. Vyombo vingine vya Mikindani alfajiri vikaleta 9. Jumla 15. Sikutapika.

Alhamisi, 28 Novemba. Mikindani – Lindi

Nimelala mpaka saa tano. Gari la Lindi likajaa saa nane.

Pale Mnazi Mmoja tulisimama kwa muda mrefu, malori ya korosho yamebana njia. Ni msimu, na mwaka huu minada ilifunguka kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo, basi kila mtu ni tajiri kwa mdomo. Abiria wa pembeni yangu ana mikorosho Nachingwea, na ufuta pia. Akaniuliza kwenye boksi nimebeba nini. Nikamwambia kwa sasa barafu tu, mengine ni hesabu za ngisi. Akataka kujua ngisi anaishi miaka mingapi.

Mmoja. Wengine hawafiki. Anazaliwa, anakula kama mwendawazimu, hata wenzake anawala, anataga mara moja, anakufa. Hakuna ngisi mzee.

"Kwa hiyo ni ufuta," akasema. "Siyo mkorosho."

Nilifungua daftari palepale na kuliandika. Mkorosho ukikosa mvua mwaka huu, mti upo, mwakani utauona. Ufuta ukiharibika, umeharibika wote; mwakani unaanza na mbegu uliyobakiza. Nimesoma kurasa nyingi za wataalamu kuhusu ngisi wa Argentina bila kuona imesemwa kwa ufupi hivyo. Wale walivuliwa zaidi ya tani milioni moja mwaka 1999. Mwaka 2004 hawakufika laki mbili. Mwaka 2015 wamerudi karibu na milioni, mwaka uliofuata chini tena. Mtu aliyezoea kuhesabu changu au pono anaona hizo namba ni za mwongo. Mkulima wa ufuta hashangai.

Ijumaa, 29 Novemba. Lindi mjini

Ijumaa vyombo vingi vimelazwa. Wavuvi wako msikitini, kisha wako kwenye bao. Nilipima kile kilichobaki cha alfajiri pamoja na cha Kitunda kilichovuka na kivuko: kilo 57. Nikasema nitumie siku kununua kidogo kwa ajili ya sampuli, kilo kumi, nimtumie mnunuzi kwa basi la usiku.

Hapo nikaharibu. Barafu niliyopewa ilikuwa ya maji ya bomba, imeanza kuyeyuka, nami nikawamwaga ngisi moja kwa moja juu yake badala ya kuwafunga kwanza kwenye mfuko. Nimewafundisha watu jambo hili. Ngisi akikaa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, rangi ya ngozi inaingia kwenye nyama, na mweupe unamgeuza wa waridi. Saa kumi jioni nilifungua boksi nikaona waridi. Mtu wa Italia akiona hivyo anakata nusu ya bei, akikununulia. Nikawagawa kwa jirani wa nyumba ya wageni, wakala, wakaniombea dua.

Kuhusu Ijumaa, nilimwambia katibu wa kamati ya ufuko, akawa anacheka, kwamba California nao wana Ijumaa yao. Kule sheria inasimamisha uvuvi wa ngisi wa biashara kila juma, toka adhuhuri ya Ijumaa mpaka adhuhuri ya Jumapili. Sababu si sala. Wale ngisi huvuliwa wakiwa wamekusanyika kutaga, na bila siku za mapumziko unaweza kulivua kundi zima kabla halijaacha yai. Juu ya hapo kuna kikomo cha mwaka, kama tani 107,000. Kikifikiwa, wanafunga hata kama bahari imejaa.

Katibu akauliza nani anaweza kumzuia mtu bahari imejaa. Nikampa mfano wa Visiwa vya Falkland, watu wachache kuliko kata moja ya Lindi. Tangu miaka ya 1986 na 1987 wanauza leseni za ngisi kwa meli za nje, nyingine za ushirika na Wahispania, na fedha hizo ndizo zilizogeuza visiwa vya kondoo kuwa nchi yenye akiba. Kabla ya kila msimu wanatuma chombo kupima ngisi waliopo. Mwaka huu, msimu wa pili wa wale ngisi wadogo, walipima, wakakuta hawatoshi, wakaufuta kabla ya meli hata moja kushusha wavu.

"Na leseni zimeshalipiwa?"

Sikujua la kumjibu hapo.

Jumamosi, 30 Novemba. Mchinga

Kilo 22. Upepo ulikuwa wa matlai, mkali, vyombo vidogo havikutoka.

Lakini Mchinga niliona kitu. Wavu wa kukokota ulikuwa umevutwa asubuhi, na katika majani ya bahari yaliyobaki mchangani kulikuwa na vishada vya vidole vyeupe, laini, kama mishumaa midogo iliyotengenezwa kwa uji. Watoto walikuwa wanavirushiana. Mayai ya ngisi. Kila kidole kina mayai mengi ndani. Bibi mmoja aliyekuja kuokota vichwa vya samaki alijua vizuri ni nini. Akasema zamani ukiviona kwenye wavu unavirudisha, siku hizi wavu unavutwa na vijana wa kulipwa kwa siku, hawana muda.

Nikakumbuka Afrika Kusini, nchi ambayo naiona kama ndugu yetu wa karibu kwa jambo hili. Kule Eastern Cape, toka Gqeberha hadi St Francis Bay, wana ngisi wanayemwita chokka. Wanamvua kwa mshipi wa mkono, mtu na nyuzi zake mbili, usiku chini ya taa, kisha anagandishwa humohumo chomboni. Uvuvi huo ulishika kasi katikati ya miaka ya 1980, na mteja wake ni huyohuyo wa Italia na Hispania. Chokka anataga ghubani, mayai yake yanalala chini kama haya. Kila mwaka, Oktoba na Novemba, wanafunga kwa juma kama tano ili atage. Mwaka 2013 ulikuwa mbaya hata hivyo, wavuvi wakakaa bila kazi, maana kufunga hakumlazimishi ngisi kuja. Lakini mwaka uliofuata angalau kulikuwa na mbegu.

Nimerudisha vishada vinne majini. Bibi alinitazama, akasema, "Umechelewa mwanangu, vimeshapigwa na jua."

Jumapili, 1 Desemba. Lindi – Nangurukuru – Kilwa Masoko

Basi liliharibika mara mbili. Sina zaidi.

Jumatatu, 2 Desemba. Kilwa Masoko na Kivinje

Mwezi umefichika jana, bamvua limeanza. Saa nne asubuhi bahari ya Masoko ilikuwa imekimbia mbali, unaweza kudhani utatembea mpaka Kilwa Kisiwani. Kina mama wameshuka mwambani na vijiti vyao, kanga zimefungwa kiunoni, wanatafuta pweza. Nimewasubiri warudi.

Nilipowauliza juu ya kufunga mwamba, wa kwanza akaniuliza nani atamlisha mtoto miezi hiyo. Wa pili, mtu mzima, akasema si miezi mingi, pweza anakua upesi kuliko mtoto. Wana habari za wenzao wa Madagaska: kijiji cha Andavadoaka kilijaribu mwaka 2004, wakafunga sehemu moja tu ya mwamba na kuacha nyingine wazi, walipofungua pweza walikuwa wakubwa, na vijiji vya jirani vikaiga. Pweza naye si mtu wa kuishi miaka mingi. Ukimwacha kidogo anakulipa. Ukimwacha sana anakufa kwa uzee wake, hujamla.

Kilo za Kilwa zilinishangaza: 131, Masoko na Kivinje pamoja, wengi wa kalamu, wamenona. Giza na bamvua vimekutana, na vyombo vya Kivinje vinakwenda mbali kuliko vya Mtwara. Kwa saa mbili nilianza kuamini.

Pale Masoko bandari ya uvuvi inajengwa, korongo za kuinulia mizigo unaziona toka ufukoni. Vijana wanaizungumza kama watu wanaosubiri treni: wengine wameshabeba mizigo, wengine wanaogopa itawakanyaga. Ni bandari ya kupokea meli za bahari kuu. Mmoja akaniuliza, meli zikija, sisi wa mtumbwi tunaenda wapi? Nikamsimulia Korea Kaskazini, nikajuta baadaye, maana si hadithi ya kumpa kijana asubuhi. Mwaka 2017 zaidi ya meli 900 za Kichina ziliingia kuvua ngisi katika maji yale, na 2018 kama 700, kinyume cha vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Mahesabu yaliyotolewa 2020 yanasema zilibeba zaidi ya tani 160,000 kwa miaka hiyo miwili. Zilikuwa zinazima vyombo vya kuonyesha zilipo, zikagunduliwa kwa setilaiti, nyingine kwa mwanga wa taa zao. Wavuvi wa mbao wa nchi hiyo wakasukumwa nje, wakaenda mbali kuliko mashine zao zinavyoweza, mpaka maji ya Urusi. Mamia ya vyombo vyao vilitupwa na mawimbi kwenye fukwe za Japani, vingine na maiti ndani. Na ngisi ni yuleyule mmoja, anazunguka bahari ileile: mwaka jana Korea Kusini, ambayo ilizoea kuvua laki na zaidi, imepata tani 23,000.

"Hapa serikali ipo," kijana akasema.

Nikamwambia ndiyo, na leseni ni fedha, wa Falkland wanajua. Ila wao walihesabu ngisi kwanza. Sisi mtu aliyehesabu ngisi wa kusini juma hili ni mimi, kwa mzani wenye kutu, kwa nusu ya posho.

Jioni nilikaa chini ya mwembe nikajumlisha. Thelathini na nane, arobaini na tisa, kumi na tano, hamsini na saba, ishirini na mbili, mia na thelathini na moja. Kilo 312. Toa dome, toa wa mahoteli, toa wa wakaanga, toa walioiva waridi. Hata nisipotoa kitu, kwa mwendo huo kontena moja lingejaa baada ya mizunguko 64 kama huu, na ngisi wa mzunguko wa kwanza angekuwa amezaa wajukuu.

Nikamwandikia mnunuzi. Nikasema kontena halipo, na asimtume mtu mwingine kuja kulitafuta, kwa sababu akija na fedha taslimu atalipata miezi miwili, kwa kokoro na mayai yake, kisha hatalipata tena. Nikasema kilicho kweli: Kilwa, giza kwa giza, kati ya Novemba na Machi, wa mshipi, wamefungwa kwenye mifuko kabla ya barafu, anaweza kupata kilo mia tatu, labda mia nne, wazuri kuliko wa meli, auze kwa mahoteli ya Dar na Zanzibar kwa bei ya juu. Nikaongeza kwamba bado ananidai nusu ya ripoti, kama mimi ninavyomdai nusu ya posho.

Saa tatu usiku simu ikalia. Alikuwa ameshasoma.

"Sawa kaka, nimekuelewa," akasema. Kimya kidogo. "Na dome je?"